Wifi Sekela Hakwenda Chunya

Mbeya,
18 Agosti 1976

Kaka Timotheo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Tangu Jumapili ninalala katika chumba cha wifi Sekela. Mama anajua tu kwamba nakwenda kusoma huko kwa kuwa kuna utulivu. Hajui kwamba asubuhi nafagia mbele ya mlango ule kabla majirani hawajatoka, halafu nalowesha khanga ya wifi na kuianika kambani, ili anayepita aseme, ah, mke wa mwalimu leo ameamka mapema. Usiniulize kwa nini nafanya hivyo. Hata kuandika tu naona aibu.

Nisamehe, nimeruka salamu. Shikamoo kaka. Sisi tunapumua. Mama kikohozi kimempungua. Baba anakwenda stoo ya hospitali kila siku kama kawaida. Mimi kidato cha pili ninakiweza isipokuwa hesabu. Baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka, tunaota moto mpaka mchana.

Safari ya kwaya ilifanyika Jumamosi. Tulikwenda Matema kuona ziwa, na wakati wa kurudi tukasimama Kiwira kuona msitu na maporomoko. Wifi amebaki huko Kiwira kwa mama yake. Ndivyo wanavyosema akina mama wa kwaya. Basi usishangae asipokuandikia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ametupa insha kuhusu safari ya siku moja. Nimejaza kurasa nne bila shida. Kwa Kiingereza mambo yanakuwa kama yamempata mtu mwingine.

Mdogo wako,
Lea


Ilula,
5 Septemba 1976

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Barua yako ilitembea Iringa nzima ndani ya koti la mwalimu mkuu kabla hajakumbuka kunipa, ndiyo sababu ya kuchelewa. Nasalimia wote, mama kwanza. Huku nyanya zimeiva mpaka zinatupwa. Akina mama wanakimbilia mabasi na mabeseni kichwani, na watoto wa darasa la tatu wanaingia darasani wananuka nyanya, kwa kuwa nao wametoka kuuza.

Habari kubwa ni kwamba nyumba imeezekwa! Mabati nimepandisha mimi na fundi Didas, Mhehe mmoja asiyejua kunyamaza. Ananiambia, "Mwalimu, kwa misumari hii unayopiga, huyo anayekuja si mke, ni mkuu wa mkoa." Kuna chumba, sebule na jiko la nje. Sasa hakuna tena sababu ya Sekela kukaa hapo nyumbani na kukimbilia ndani kila baba anapoingia uani. Hapa atatembea anavyotaka. Mwambie akitoka Kiwira apande basi, nitakuwa namngoja barabarani.

Lakini hilo la kufagia na kuanika khanga sikulielewa. Kama yupo kwa mama yake, si yupo kwa mama yake? Mbona unafanya kama mtu anayefunika jambo? Wewe najua ni mwoga, mwongo sijakujua. Niandikie safari ilikuwaje, yote, usinionee haya.

Kaka yako,
Timotheo


Mbeya,
20 Septemba 1976

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya paa. Mama alikuwa na homa, sasa anakunywa uji. Mbuzi wa jirani amekula mboga zote za nyuma ya nyumba. Baba ni mzima wa mwili.

Juzi alikuja mama yake wifi kutoka Kiwira, na kapu la viazi na kuku mmoja. Alisimama uani akiwa mchangamfu kabisa. "Ndaga, wakwe zangu! Nimekuja kumwona mwanangu, maana mmenificha."

Mama akacheka. "Tukufiche sisi? Si wewe uliyetuficha? Yuko kwako tangu safari ya kwaya."

Mwenzake hakucheka. Yule kuku alikuwa bado mkononi mwake, kichwa chini, na hakuna aliyekumbuka kumpokea. Akasema taratibu, "Mwanangu hajafika kwangu." Baba alikuwa ndani, dirisha wazi. Hakutoka.

Sasa watu wamepata la kusema. Wanasema ametoroka na Jailos. Huyo ni kijana mchimba dhahabu wa Chunya tuliyemkuta Matema, amekuja kusalimia ndugu. Alisikia wifi ni mke wa mwalimu, akamtania mbele ya watu wote, "Dada, mshahara wa chaki ukikuchosha njoo Chunya, sisi tunachota dhahabu kwa kijiko." Wifi akamjibu, "Kwa kijiko, na shati hilo lina viraka?" Watu walicheka sana, Jailos mwenyewe zaidi. Ni hilo tu. Sasa limekuwa ushahidi. Kaka yake wifi, Saulo, amesema atakwenda Chunya kumfuata, na wenzake wanasema akimpata Jailos atamkata mguu.

Umeniambia niandike safari yote. Tuliondoka alfajiri kwa lori la Bedford. Baba alikaa mbele na dereva, wifi nyuma kabisa kwenye bodi, na kati yao kwaya nzima kama ukuta. Nyamizi alishangaa. Huyu ni rafiki yangu wa darasani, wazazi wake ni wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani. Akaninong'oneza, "Mbona wifi yako anamkimbia baba yako kama simba?" Nikamweleza kwamba kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akisikia anakuja anajifunika na kupisha njia, jina lake halitaji, na baba naye hamtazami wala hamsemeshi. Hiyo ndiyo heshima. Nyamizi akasema, "Basi nyie mkipewa nyumba ya chumba kimoja mtakufa." Tulicheka mpaka Ambrosi, kiongozi wa kwaya, akatukemea kwamba tunaharibu sauti ya pili.

Kaka, ziwa ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Unashuka kutoka kwenye migomba na mpunga, joto linakupanda miguuni, halafu mara hakuna tena nchi, ni maji tu, na ng'ambo milima imesimama wima kama imekatwa kwa shoka. Mchanga unaunguza. Mawimbi yanakuja na kurudi bila kuchoka, na mimi niliyezoea baridi nilivua sweta nikalifunga kiunoni. Wanawake wa Kikisi walifika na mitumbwi iliyojaa vyungu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, wakavishusha mchangani. Wazee wa kanisa walikwenda mbali kupumzika, baba pamoja nao, kwa hiyo wifi alitembea ufukweni bila kujifunika. Alipandisha khanga mpaka magotini, akaingia majini, akasimama tu. Sijawahi kumwona amesimama hivyo mahali pa wazi. Halafu akanunua chungu kidogo chenye michoro myekundu. Alisema, "Hiki cha Ilula. Cha kwanza kuingia."

Msituni tulikaa kidogo. Kulikuwa na ukungu.

Chungu kimerudi na lori. Ninacho mimi.

Lea


Ilula,
14 Oktoba 1976

Lea,

Salamu kwa mama. Vitunguu vimefuata nyanya, shule inaendelea, afya ninayo.

Nimekwenda Chunya. Nilipita Mbeya, nikakaa stendi nimevuta kofia machoni kama mwizi, sikufika nyumbani. Ningefika ningesema nini? Mimi siwezi kukaa mbele ya baba na kumuuliza mke wangu yuko wapi, nawe unajua hivyo. Na yeye angenijibu kwa maneno gani? Kwa hiyo nilipanda gari la tumbaku, nikala vumbi, nikamtafuta Jailos kwenye mashimo.

Alitoka shimoni mwekundu mwili mzima, na mkewe akatokea kibandani na mtoto mgongoni. Nilipojitambulisha, Jailos alijifuta udongo usoni. Akasema, "Mwalimu, humu kibandani tunalala mimi, huyu, watoto na mama yangu mzazi. Huyo wako ningemweka wapi? Shimoni?" Wachimbaji wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, Lea. Nilicheka nao. Ndicho kinachoniuma. Kisha yule mke akanipa maji ya kunywa kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipojua kwamba Sekela hajawahi kufika pale.

Saulo alikuwa amekwisha kupita kabla yangu. Sasa anazunguka kambi moja baada ya nyingine, anauliza habari za mwanamke mwembamba mwenye pengo la meno ya juu.

Mzee mmoja wa hapa ana binti, anaitwa Matilda. Anasema nyumba mpya haifai kulala tupu. Sikukubali. Lakini pia sikukataa.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ziwa umeliandikia ukurasa mzima, mpaka mchanga na sweta. Msitu umeupa mistari miwili. Nafundisha watoto kuandika insha, najua mtoto anapofupisha. Uliona nini msituni?

Timotheo


Mbeya,
25 Oktoba 1976

Kaka,

Shikamoo. Mama ameanza kulima. Baba hasomi tena somo kanisani, anasema macho. Chakula anakigusagusa, halafu anasukuma sahani.

Ile insha ya Kiingereza nimepata alama za juu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akasema ukungu nimeueleza vizuri sana. Nyamizi alikuwa ananitazama. Nilitaka sakafu inimeze.

Nitakuambia moja. Wifi alikuwa mjamzito. Aliniambia pale ziwani, akiwa amesimama majini, akanikataza kuandika kwa sababu alitaka kukuambia mwenyewe, amesimama mlangoni kwenu. Alisema, "Nataka nimwone uso." Mtu wa namna hiyo haendi Chunya. Ukitaka kuoa oa, lakini usioe kwa sababu ya Chunya.

Mengine siwezi. Usinilazimishe. Mimi nakaa humu ndani, nakula na baba, namwekea maji ya kuoga. Wewe uko mbali, unaweza kuwa na hasira. Mimi nikiwa na hasira naipeleka wapi?

Lea


Ilula,
8 Novemba 1976

Lea,

Mimi mzima. Sijui niwasalimieje.

Tangu nilipopata barua yako sifundishi. Nawapa watoto kazi ya kunakili, nakaa nje kwenye tofali zilizobaki. Didas amekuja jana, akaanza maneno yake, akaniona, akanyamaza. Akakaa karibu yangu mpaka jua likashuka. Yule mzee nimemwambia binti yake atafute kwingine.

Ambrosi ameniandikia kwa niaba ya wazee wa kanisa. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wanakaa. Wanataka kumtoa Sekela katika ushirika kwa kosa la kutoroka ndoa, na mama yake arudishe ng'ombe. Anasema mama yake, huko kanisani Kiwira, siku hizi anakaa benchi la nyuma peke yake, hakuna anayempa mkono. Anasema pia kwamba baba yetu, akiwa mzee wa kanisa na mwenye nyumba aliyotoka, ndiye atakayesimama athibitishe.

Sikulaumu. Sitakulaumu kwa lolote utakaloandika. Lakini baba akishathibitisha, imekwisha, hakuna atakayemtafuta tena. Kama yuko mahali, Lea, yuko mahali hapo sasa hivi ninapoandika, na mvua zinakuja.

Ndani nimeweka bahasha yenye stempu.

T.


Mbeya,
21 Novemba 1976

Kaka,

Shikamoo. Mvua zimeanza, tumepanda mahindi, mama hajambo. Hizo ndizo salamu, sina nyingine.

Pale Kiwira lori lilisimama kando ya barabara, na watu wakashuka kwa njia nyembamba ya msituni kwenda kwenye maporomoko. Wifi alibaki kwenye lori. Aliniambia, "Baba akishapanda, na mimi nitakwenda kuyaona hayo maji." Mimi nilimbebea baba koti la mvua. Huko chini ni pazuri, kaka, hilo nalo sikukuandikia. Miti imevaa majani mengine juu ya majani yake, maji yanaanguka meupe kabisa, na kwaya ilipoimba sauti ilizunguka kama tuko ndani ya chungu. Lakini baba magoti yalimsumbua kwa unyevu, akaamua kurudi kabla ya wenzake. Tukapanda polepole, mimi nyuma yake. Ukungu ulikuwa umeshuka, mtu wa mbele unamwona mgongo tu. Wifi huko juu nadhani alichoka kungoja, au alisikia wimbo akadhani baba bado yuko nao. Tulikutana naye kwenye kona. Upande mmoja mlima, upande wa pili majani.

Alifanya alivyofundishwa. Alijifunika khanga kutoka kichwani mpaka usoni, akatoka njiani upande wa majani ili baba apite. Na baba akafanya alivyofundishwa, akageuza uso akatazama mlima. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anatazama wifi anakanyaga wapi, hata wifi mwenyewe. Nilikuwa natazama mimi peke yangu. Yale majani hayakuwa na ardhi chini yake.

Hakupiga kelele. Nilisikia matawi, halafu mawe, halafu maji tu. Nikasema, "Baba, wifi ameanguka!"

Akasema, uso wake bado uko mlimani, "Amejificha. Tembea. Tukiondoka atatoka."

Ndipo ikaja sauti kutoka chini. "Lea. Lea, nishike."

Aliniita mimi kwa sababu baba hakuweza kumwita. Baba aliisikia. Niliuona mgongo wake unasikia. "Tembea," akasema tena, lakini sauti haikuwa yake. Akanishika mkono, akanivuta mpaka barabarani.

Huko juu aliniambia nirudi nikamtazame. Nilirudi peke yangu. Niliita. Kulikuwa na maji na ukungu, na sikuweza kusogea ukingoni. Nilipomwambia baba kwamba hajibu, akasema, "Basi ametokea upande wa pili. Amekwenda kwao." Alisema kama mtu anayeomba. Kisha kwaya ikapanda. Ambrosi akauliza Sekela yuko wapi, na mama mmoja akamjibu, "Si kwao ni hapa hapa? Ameshuka kumsalimia mama yake huyo." Wote wakaona ni kweli. Nilimtazama baba aseme. Lakini baba mkwe angeanzia wapi kulitaja jina la mkamwana mbele ya kwaya nzima? Angesemaje kwamba alikuwa naye njiani? Alipanda mbele, akafunga mlango. Nami nikapanda nyuma, nikakaa pale wifi alipokuwa amekaa.

Kaka, mimi nadhani siku ile aliamini. Aliamini kwa nguvu zake zote. Lakini mama yake wifi alipokuja na yule kuku, kuamini kukaisha. Siku chache baadaye baba aliaga kwamba anakwenda msibani Tukuyu. Alirudi jioni, akakaa nyuma ya nyumba anakwangua viatu kwa kijiti, yeye ambaye hajawahi kusafisha viatu vyake. Vilikuwa na udongo mweusi na yale majani ya kule. Nikamletea maji. Akasema bila kuinua kichwa, "Nisingeweza kumshika, Lea. Mikono yangu hairuhusiwi." Sikuuliza anasema habari ya Agosti au ya siku ile. Nafikiri alimwona. Nafikiri alifika, akasimama, akageuza uso.

Leo baada ya ibada Ambrosi alimwambia mbele yangu, "Mzee, Jumapili ijayo tunakutegemea, neno lako ndilo la mwisho." Baba akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba atasema ametoroka. Atasimama mbele ya mama yake wifi aseme hivyo, kwa sababu hilo ndilo neno analoweza kulisema bila kumtaja.

Njoo kabla ya Jumapili. Mpate Saulo kwanza huko Chunya, mje naye. Ukiingia msituni kutoka barabarani, ni kona ya kwanza baada ya mti mkubwa ulioanguka, upande wa kulia. Mje na kamba. Saulo ni kaka yake wa tumbo moja, yeye anaweza kumshika. Na wewe ni mumewe. Mimi nitakwenda nanyi, nitaonyesha, na kanisani nitasema, hata kama sauti haitatoka nitasema.

Naandika sebuleni, mchana, mama ametoka. Barua zote nilizokuandikia nimeziandika chumbani kwa wifi na kuzilalia mpaka nipate njia ya kwenda posta. Nasikia hatua za baba uani. Zimesimama. Zinakuja tena, zimefika barazani. Ningeweza bado kuikunja niiweke ndani ya kitabu cha hesabu, nafasi ipo.

Naiacha hapa mezani, wazi. Ikikufikia, ujue ameisoma.

Lea